Kifyatuo cha Kipisi

Matundu matano yalikuwa yamesongamana kwenye karatasi ya shabaha kiasi kwamba ungeweza kuyafunika yote kwa kisosi cha chai. Inspekta Apolonia Ngonyani aliyatazama huku jua la asubuhi likimchoma kisogoni, akatamani yangekuwa yametawanyika.

"Bunduki nzuri," alisema Mrakibu Kamugisha, aliyekuwa akija taratibu nyuma yake. "Umbali ni ule ule ulionipa, kutoka lango la yadi mpaka juu ya paa. Nimeiegemeza kwenye mifuko ya mchanga ili mkono wangu usiingilie. Ulichokiona hapo ni kazi ya mtutu peke yake."

"Afande, kila mtu ameniambia bunduki fupi kama hii haiwezi kulenga mbali."

"Kila mtu ameitazama kwa nje. Twende mezani."

Kamugisha alikuwa mtaalamu wa silaha na risasi wa jeshi la polisi, Mhaya mwembamba aliyebakiza muda mfupi kustaafu, na alizungumza kama mtu anayesoma hukumu. Mezani alilaza bunduki mbili sambamba. Moja ilikuwa bunduki ya kawaida ya polisi. Ya pili ndiyo iliyomuua Chausiku Mwishehe pale Mtoni, akiwa juu ya paa la ghorofa akianua nguo. Walinzi wa kampuni ya ulinzi waliokuwa nayo, wakilinda yadi ya jirani, waliiita Kipisi, maana ilionekana kama bunduki iliyokatwa mkia.

Kamugisha alitumbukiza ufito wa kusafishia ndani ya mtutu wa bunduki ya polisi mpaka ukagota, akaweka alama kwa kidole gumba, akauchomoa. Akafanya vivyo hivyo kwa Kipisi. Ule ufito ukaingia, ukaendelea kuingia, ukapita usawa wa kifyatuo, ukagota ndani kabisa ya kitako. Kidole chake kilikuwa pale pale.

"Mitutu inalingana," Apolonia alisema.

"Inalingana. Hii ni aina wanayoiita bulpap. Bunduki ya kawaida, magazini na mashine yake viko mbele ya kifyatuo, na nyuma kuna kitako cha kuegemeza begani tu. Hapa kila kitu kimesogezwa nyuma, ndani ya kitako. Bunduki imefupika, mtutu haukufupishwa. Ndiyo maana makampuni yanaipenda, mlinzi anakaa nayo ndani ya gari bila kugonga mlango. Mtutu mrefu unaipa risasi mwendo, na risasi yenye mwendo haishuki sana njiani wala haiyumbishwi sana na upepo. Tena mtutu huu ni mnene na umenyooka. Ukiniuliza kama unaweza kumpiga mtu kifuani kutoka lango lile, jibu ni ndiyo, bila tabu."

Hilo ndilo ambalo upande wa mashtaka ungelishangilia. Chausiku alikuwa mtalaka wa Mashaka, mlinzi aliyeishika bunduki ile siku hiyo. Waliachana kwa maneno makali, mtaa mzima ukasikia. Mashaka alidai kwamba vijana waliporuka ukuta wa yadi, msimamizi wake, Revelian, alimwamuru apige risasi ya kutisha. Kwamba alilenga kichwa cha nguzo ya zege iliyo nje ya lango. Kwamba risasi ilikwenda pembeni. Revelian mwenyewe alikuwa amepiga bastola hewani wakati ule ule, na alikana kabisa kumwamuru mtu yeyote chochote.

"Na kifyatuo?" Apolonia aliuliza. Hicho ndicho kilichomleta. Katika maelezo yake, Mashaka alikuwa amerudia jambo moja tangu siku ya kwanza: Triga yake ngumu, afande. Unaivuta mpaka bunduki inageuza shingo.

"Kwa kawaida bulpap ugonjwa wake ni huo," Kamugisha alisema. "Kifyatuo kiko huku mbele, mashine iko kule nyuma. Lazima pawe na chuma kirefu kati yao, na chuma hicho kinakwaruza, kinapinda, kina ulegevu; mashine yenyewe ikiwa ngumu, ndiyo inazidi. Mtu anavuta, anavuta, hakijitikisi, halafu ghafla kinaachia. Akiwa na haraka atavuta kwa mkono mzima, na bunduki itageuka kabla risasi haijatoka. Mtutu uwe mzuri vipi, hautamsaidia. Utapeleka risasi sawasawa kule bunduki ilikogeukia."

"Ndivyo ilivyo hii?"

Badala ya kujibu, aliinuka na kuiweka bunduki begani. Apolonia alisogea kulia kwake ili aone vizuri.

"Njoo huku kushoto," Kamugisha alimwambia bila kugeuka. "Ganda la risasi linatokea ubavu wa kulia, hapa hapa karibu na shavu. Bunduki nyingine hulitupa mbele ya uso wa mpigaji. Hii ina mlango wake nyuma, na ganda likitoka ni la moto."

Apolonia akahama. Kamugisha akapiga akiwa wima, upesi upesi, bila kuegemea kitu. Walipokwenda kutazama, matundu yalikuwa yameachana kidogo, lakini yote yalikuwa kifuani mwa mtu aliyechorwa kwenye karatasi.

Akaning'iniza mizani ndogo ya ndoana kwenye kifyatuo, akaivuta taratibu hadi kikaachia.

"Laini," alisema. "Laini kuliko bulpap zote nilizowahi kushika."

Sajenti Benson, msaidizi wake, aliyekuwa amekaa kivulini muda wote, akainua kichwa. "Kwa hiyo jamaa ametudanganya."

"Sikusema hivyo," Kamugisha alijibu. Alikuwa amekwisha kufungua kitako kwa kuchomoa pini mbili, na mashine nzima ya kufyatulia ikatoka mkononi mwake kama betri ya tochi. "Inspekta, tazama. Ndani ya kitako kuna masizi na vumbi la miezi. Hiki kifurushi cha mashine ni kisafi, grisi yake haijabadilika rangi. Na pini zina mikwaruzo inayong'aa. Mtu amezitoa hivi karibuni, tena kwa bisibisi isiyolingana."

"Kimebadilishwa."

"Naweza kuandika kwamba ni kipya. Kwamba kimebadilishwa baada ya tukio, siwezi. Kila mtutu una mikwaruzo yake kwa ndani, na kila risasi inayopita inaibeba. Risasi iliyotolewa mwilini mwa marehemu imepita kwenye mtutu huu, hilo nitaapa mahakamani. Kifurushi hiki hakina namba, hakina alama, wala hakiachi chochote kwenye risasi. Kinaingia na kutoka kama ulivyoona."

Apolonia akamgeukia Benson. "Bunduki ulichukua wapi siku ile?"

Benson alitazama viatu vyake. "Ghalani kwao, afande. Kesho yake. Siku ya tukio watu walikuwa wamejaa barabarani wanataka kumuua jamaa, tukahangaika kumtoa yeye kwanza. Bunduki akabaki nayo Revelian."

Bunduki ilikuwa imelala kwao usiku mzima.

*

Mchana ule Apolonia alikwenda gerezani kumwona Mashaka. Kwa shauri la kuua hakuna dhamana, na maisha ya mahabusu yalikuwa yamemkondesha haraka. Alikuwa kijana wa Kizaramo, mzaliwa wa Mtoni, mwenye mabega mapana ambayo sasa yalining'iniza shati kama kamba ya nguo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kaa."

Alipokaa, mwanga wa dirishani ulimpiga ubavuni, na Apolonia akaliona lile kovu. Lilikuwa kwenye shavu la kushoto, chini kidogo ya mfupa, fupi na lililopinda kama ukucha. Kwenye jalada liliandikwa mkwaruzo. Mpangaji mmoja wa ghorofa lile alikuwa amesema asubuhi ya tukio Mashaka na Chausiku walisukumana ngazini, na Benson akaunganisha: kucha za marehemu. Tangu hapo kila aliyelisoma jalada aliliona kovu lile kuwa sababu ya kisasi.

"Hilo ulilipataje?"

"Nilishasema, afande. Sijui. Nilipopiga tu, nikahisi kitu kimenichoma. Nikadhani jiwe, wale madogo walikuwa wanarusha mawe. Sajenti akasema ni kucha za Chausiku." Alitikisa kichwa. "Asubuhi ile hatukusukumana hata. Nilimpelekea sare za shule za mtoto. Ngazi zile nyembamba, tukapishana."

Apolonia alisukuma kalamu na karatasi mezani. "Nichoree lango, nguzo, na ghorofa."

Mashaka alichukua kalamu kwa mkono wa kushoto.

Apolonia aliutazama mkono ule ukichora. Lango, nguzo mbele yake, na upande wa kulia wa nguzo, nyuma, ghorofa. "Simama," alisema. "Jifanye una Kipisi. Nionyeshe."

Mashaka alisimama akaweka bunduki isiyokuwepo kwenye bega la kushoto, akalaza shavu la kushoto juu yake. Mlango wa kutolea maganda ungekuwa pale pale, sentimita chache kutoka kwenye lile kovu.

"Ulisemaga huko kazini kwamba wewe ni shoto?"

"Walijua wote. Farhan yule wa ghalani aliniambia hizi bunduki si za mashoto, jifunze kulia. Nikajaribu. Ila siku ile Revelian anapiga kelele 'piga, piga, unangoja nini!', mie nitakumbuka kulia saa ngapi?"

"Na ulipovuta?"

"Ikagoma. Nikadhani nimesahau kufungua loki. Nikavuta kwa nguvu, mkono mzima huu. Ikaondoka na mie." Alikunja kiganja, na Apolonia akaona ngumi nzima ikigeuka, ikielekea kulia.

Nje ya geti alimpigia simu Kamugisha. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Wa mkono wa kulia akivuta vibaya risasi humwendea kushoto," alisema. "Shoto humwendea kulia. Marehemu alikuwa upande gani wa nguzo?"

"Kulia, afande. Ukitazama kutoka langoni, kama hatua moja hivi."

"Basi anasema kweli," alisema. "Kama kifyatuo kilikuwa kigumu."

*

Zilikuwepo Kipisi nyingine. Kampuni ilikuwa imeagiza kadhaa kwa mkupuo mmoja, na kama zote zilikuwa na kifyatuo kigumu isipokuwa ile moja iliyoua, basi hata asiyejua bunduki angeelewa. Apolonia aliwahi asubuhi ofisini kwao, kando ya barabara ya Kilwa, akiwa na hati ya upekuzi na mizani ya Kamugisha ndani ya mkoba.

Revelian alimpokea kwa heshima zote. Alikuwa mtu mzima mwenye sauti ya upole, na rozari ndogo kwenye funguo zake. Farhan, fundi wa ghala la silaha, alisimama nyuma yake akifuta mikono kwa tambara ambalo halikuwa na haja ya kufuta chochote.

Bunduki zilitolewa, zikapangwa mezani. Apolonia aliivuta ya kwanza kwa mizani. Laini. Ya pili laini. Alipofika ya mwisho hakuwa tena anasoma mizani. Kidole chake kilikuwa kimeshamwambia.

"Zote zina vifaa vipya," alisema.

"Ndiyo, Inspekta. Tumeboresha. Walinzi walilalamika."

"Walilalamika nini?"

Revelian alitabasamu kidogo. "Mambo ya kawaida tu."

"Lini mmebadilisha?"

"Mwaka huu huu."

"Kabla au baada ya Chausiku kufa?"

"Ni ukarabati wa kawaida. Hatuwekagi tarehe kwa kila skrubu."

Apolonia akamtazama Farhan. "Fundi. Ulibadilisha lini?"

Tambara lilisimama. Farhan alifungua mdomo, akamtazama bosi wake, akaufunga. "Kama alivyosema mkuu," alijibu.

"Vya zamani viko wapi?"

"Chuma chakavu. Gari lilipita likachukua."

Alilifuatilia gari lile siku nzima. Dereva alimpeleka kwa mnunuzi, mnunuzi akampeleka kwenye kiwanda kidogo cha kuyeyusha chuma. Pale mtu mmoja aliyevaa miwani ya kuchomelea alimsikiliza kwa subira, kisha akamwonyesha rundo la nondo mpya zilizokuwa bado zinafuka moshi.

"Mzigo wa wiki iliyopita ndio huu, dada," alisema. "Chagua."

Jioni alimvizia Farhan peke yake, msikitini, watu walipotoka swala ya magharibi. Farhan hakukimbia. Alivaa kandambili zake polepole, kisha akasema, akitazama ukuta, "Mke wangu anajifungua mwezi huu, afande. Bima ya kampuni. Usiniulize mahakamani." Akaondoka. Apolonia alijua akimwita shahidini atakana, na akikana atazidi kumzamisha Mashaka.

*

Wakili wa Serikali aliyepewa jalada, Demetria, alikuwa na ofisi Kinondoni, ghorofa ya pili. Alikuwa mwanamke wa haki; Apolonia alikuwa amefanya naye kazi mara nyingi na hakuwahi kumwona akimwonea mtu. Alisikiliza yote: mtutu, kovu, mkono wa kushoto, nguzo, grisi mpya, chuma chakavu. Alichora hata mchoro wake mwenyewe.

"Nakuamini," alisema mwishoni.

"Basi badilisha mashtaka. Kuua bila kukusudia. Na Revelian aingie kwa kuharibu ushahidi."

"Nimesema mimi nakuamini. Sasa nisikilize kama jaji." Demetria aliinua kidole kimoja. "Mtutu. Mtaalamu wako atasema ni mrefu, umenyooka, unaweza kumpiga mtu kifuani kutoka pale. Amepigwa kifuani. Kifyatuo. Mtaalamu wako huyo huyo ataulizwa: ulikipima? Nilikipima. Kikoje? Laini. Basi. Hakuna mtu duniani anayeweza kuweka kile kigumu mezani."

"Kovu?"

"Kovu linathibitisha alipiga kwa mkono wa kushoto. Na yeye ni shoto. Watasema mtu aliyetumia mkono wake wenye nguvu alikuwa analenga kwa makini."

Apolonia alicheka, kicheko kikavu kilichomtoka bila kutaka. "Kila ninachokipata kinamgeukia."

"Ndiyo," Demetria alisema kwa sauti ya chini. "Mpelelezi akikosa kitu kimoja, vilivyobaki vinaweza kuhama upande. Niletee fundi atakayesema. Niletee kifyatuo. Bila hivyo, jalada linakwenda kama lilivyo, na mimi ndiye nitakayesimama kumshtaki. Usifikiri nitalala."

Karatasi za taarifa ya Kamugisha zilibaki mezani kati yao. Hakuna aliyenyoosha mkono kuzichukua.

*

Apolonia hakulazimika kurudi gerezani. Angeweza kumtuma Benson. Alikwenda mwenyewe, akamweleza Mashaka kwa lugha nyepesi kadiri alivyoweza: kwamba anaamini alilenga nguzo, kwamba anajua kifyatuo kilibadilishwa, kwamba hana cha kuonyesha. Kwamba ataendelea kutafuta. Alipotamka hilo la mwisho, lilisikika hafifu masikioni mwake mwenyewe.

Mashaka alisikiliza ameinamisha kichwa. Hakuuliza habari za kifungo wala habari za Revelian.

"Afande. Ile risasi yenyewe. Mmeipima?"

"Tumeipima."

"Revelian naye alipiga. Ile bastola. Tulipiga pamoja." Aliinua uso, na Apolonia akaona kitu ambacho katika mahojiano yote hakuwa amekiona, kwa sababu hakuwahi kukitafuta. Mtu huyu hakuwa anangoja habari za kifyatuo. Kwake kifyatuo kilikuwa maelezo tu ya jambo lililotokea. Muda wote alikuwa anangoja aambiwe halikutokea, aambiwe ilikuwa risasi ya mtu mwingine.

Angeweza kusema uchunguzi haujakamilika. Neno lilimfika mdomoni.

"Ilitoka kwenye mtutu wako, Mashaka. Hakuna shaka."

Mashaka alitikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyeambiwa duka limefungwa. Kisha akaiweka mikono yake, ile mikono mikubwa, juu ya meza, akaitazama kana kwamba ni ya mtu mwingine.

"Nina binti," alisema. "Najat. Yuko kwa bibi yake, mama yake Chausiku. Kila wakija kuniona watu, namwagizia kwamba polisi wanapima, wakimaliza watajua si baba. Nimemwambia hivyo. Anasubiri."

Apolonia alishusha macho kwenye jalada lililokuwa wazi mezani.

"Watu hao wakisikia hivi hawatakuja tena kuniona. Utamwambia wewe?"

Askari magereza alikohoa mlangoni. Apolonia alifunga jalada, akalifungua, akalifunga tena.

"Nitamwambia," alisema.

"Ana miaka saba," Mashaka alisema. "Umwambie taratibu."